Mtamba Hakamuliwi: Subira ya Shabiki kwa Mchezaji Chipukizi

Wahenga walituachia methali mbili zinazovutana kama timu mbili katika uwanja mmoja. Ya kwanza hutuambia kuwa subira huvuta heri. Ya pili hujibu kuwa ngoja ngoja huumiza matumbo. Shabiki wa kandanda nchini Kenya huzitumia zote mbili katika dakika zilezile 90. Huitaja ya kwanza anapomtetea kijana wa timu yake, na huikimbilia ya pili kijana huyohuyo anapokosa bao akiwa ana kwa ana na mlinda lango. Swali ambalo makala haya yanadhamiria kulijibu ni hili: mchezaji chipukizi anastahili kuvumiliwa hadi lini, na uvumilivu wenyewe ni kitu gani hasa?

Mahali ninapopendelea kulitazama suala hili ni Oldonyiro, magharibi mwa kaunti ya Isiolo, karibu na mipaka ya Samburu na Laikipia. Oldonyiro hujulikana zaidi kwa mnada wa mifugo kuliko kwa kandanda. Siku ya mnada, wafugaji Wasamburu na Waturkana huwaswaga mbuzi, kondoo na ng'ombe wao hadi sokoni, wachuuzi hufika kutoka mbali, na Kiswahili ndicho kinachowapatanisha katika bei. Jua likishatua, Kiswahili hichohicho huhamia mbele ya runinga, pale ambapo mashabiki hukusanyika kutazama mpira. Anayetaka kujua jinsi Mkenya anavyofikiri kuhusu ujana, kosa na msamaha hahitaji kwenda mbali. Na aketi hapo akamsikilize shabiki.

Mjadala wenyewe huenda hivi. Mshambulizi mgeni kikosini amekosa bao la wazi. Mzee mmoja anaguta kwa hasira.

"Mtoeni huyo! Anatuharibia mchezo."

"Mvumilie, mzee wangu," kijana aliye kando yake anamjibu. "Ana miaka 20 tu."

"Miaka 20 ni michache? Hapa kwetu mwenye miaka 20 ni morani. Analinda watu na mifugo."

Watu huangua kicheko, na kijana hukosa la kujibu. Hata hivyo, jibu la mzee halipaswi kupita bila kuchunguzwa, maana ndani yake mna hoja mbili. Moja inamkata kijana kauli, na ya pili, kama tutakavyoona, inamkata mzee mwenyewe.

Kabla ya kufika huko, ni haki tumsikilize asiye na subira. Watetezi wa vijana humdhihaki bure, kana kwamba ni mtu asiyejua mpira. Ukweli ni kwamba shabiki huyu amelipa. Amelipa kiingilio, amelipa nauli, ameacha kazi yake, na ameivaa jezi ya timu mbele ya watani wake. Isitoshe, mashindano hayamngojei mtu. Alama tatu zilizopotea mwezi wa kwanza wa ligi ni alama zilezile zitakazotafutwa mwezi wa mwisho. Shabiki akiuliza, "Tutangoja hadi lini?" hajakosea. Swali lake ni halali. Kinachopotoka mara nyingi ni jibu analojipa, kwani hulipata katika mchezo mmoja.

Tuchukue mfano ulio karibu nasi. Mwezi Agosti 2025, Kenya, Tanzania na Uganda ziliandaa kwa pamoja fainali za CHAN, mashindano ya mataifa ya Afrika kwa wanaosakata kandanda katika ligi za nchi zao. Ilikuwa mara ya kwanza kwa Kenya kushiriki. Kocha Benni McCarthy, aliyeteuliwa mwezi Machi mwaka huohuo, aliingia na kikosi ambacho wengi hawakukitarajia kufika mbali. Harambee Stars iliilaza Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo 1-0, ikatoka sare ya 1-1 na Angola, ikaifunga Moroko 1-0 na kuishinda Zambia 1-0. Mabao yaliyoizamisha Moroko na Zambia yalitiwa kimiani na Ryan Ogam, kijana wa miaka 20 kutoka klabu ya Tusker. Moroko hiyohiyo ndiyo iliyotwaa kombe hatimaye. Kwa majuma mawili, nchi nzima iliimba sifa za ujana.

Tarehe 22 Agosti, katika robo fainali uwanjani Kasarani, Kenya ilitoka sare ya 1-1 na Madagaska, kisha ikatolewa kwa mikwaju ya penalti 4-3. Majuma mawili baadaye, tarehe 5 Septemba, timu ya taifa ilichapwa 3-1 na Gambia papo hapo Kasarani katika mchezo wa kufuzu Kombe la Dunia. Nyimbo zikageuka. Walioitwa mashujaa wakaitwa wanagenzi wasiojua kazi. Siku nne zilipopita, Kenya ikaifunga Ushelisheli 5-0, na sifa zikarejea kana kwamba hazikuwa zimeondoka. Ni bayana kuwa katika kipindi hicho kifupi uwezo wa vijana wale haukuwa umepanda na kushuka kiasi hicho. Kilichopanda na kushuka ni hukumu yetu.

Hapa ndipo pa kurejea kwa morani wa mzee. Ni kweli kwamba mwenye miaka 20 katika jamii za wafugaji huaminiwa kwa mambo mazito. Lakini je, aliaminiwa lini kwa mara ya kwanza, na kwa kitu gani? Mtoto hapewi ng'ombe wa boma zima siku ya kwanza. Huanza akiwa mdogo kwa kuchunga wana-mbuzi na wana-kondoo karibu na nyumbani, mahali ambapo jicho la mama linamfikia. Akiimarika huongezewa mbuzi na kondoo wakubwa. Baadaye huja ndama, na mwishowe ng'ombe, naye huandamana na kaka zake wanaoijua njia ya maji na kuzitambua nyayo za fisi. Akipoteza mbuzi hukaripiwa, pengine huchapwa, na hutumwa kumtafuta. Lakini kesho yake alfajiri hurudi malishoni. Hakuna mfugaji anayemwachisha mwanawe uchungaji milele kwa sababu ya mbuzi mmoja, maana angefanya hivyo, baada ya miaka kumi asingekuwa na mchungaji.

Basi morani aliyetajwa na mzee hakuzuka tu. Nyuma yake kuna zaidi ya miaka kumi ya mizigo iliyoongezwa kidogo kidogo. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Kwa hiyo mfano uliokusudiwa kuwa dhidi ya kijana ndio unaomtetea. Aidha, mfano huo unatupa maana ya subira ambayo methali zetu mbili hazikuitamka waziwazi. Subira ya mfugaji ina nguzo tatu: mzigo unaolingana na umri, mkubwa wa kuandamana na mdogo, na ruhusa ya kurudi kesho baada ya kukosea leo. Makaripio hayakuondolewa humo. Kilichoondolewa ni kumtupa mtu.

Mfugaji anatufunza jambo jingine kupitia kwa mtamba, yaani ng'ombe jike ambaye hajazaa. Mtamba wa asili huchukua miaka mitatu au zaidi kabla ya kuzaa mara ya kwanza, na mimba pekee huchukua miezi 9. Mtamba hakamuliwi, hata kama watoto wanalia njaa. Lakini mfugaji hakai kitako akimngoja. Humpeleka majani yaliko, humnywesha, humtafutia magadi, humtoa kupe. Anayengoja bila kulisha hangoji maziwa, anangoja mzoga. Na wakati mtamba anakua, nyumba hainywi maji matupu. Hunywa maziwa ya ng'ombe wakubwa na ya mbuzi. Ukame uliotanda kaskazini mwa Kenya kati ya mwisho wa 2020 na mwisho wa 2022, misimu mitano ya mvua ilipokosa mfululizo, uliwaachia wafugaji wengi maboma matupu. Njia waliyoizoea wafugaji ya kujiinua baada ya janga kama hilo ni kuanza na mbuzi, kwa kuwa mbuzi hubeba mimba kwa miezi 5 tu, kisha kurudi polepole kwa ng'ombe.

Mwenye kikosi angefaa kuiga hekima hiyo. Wachezaji wakongwe ndio maziwa ya leo. Wanaibeba timu ili chipukizi wapate kukua bila kukamuliwa kabla ya wakati. Kocha anayewaondoa wakongwe wote kwa pamoja na kuwajaza vijana 11 uwanjani hajaonyesha imani kwa vijana. Amewanyima kaka wa kuandamana nao. Vilevile, kocha anayewaweka vijana benchi mwaka baada ya mwaka bila kuwapa hata dakika kumi hajaonyesha busara. Huyo ana mtamba asiyepelekwa malishoni.

Mjadala huu haupo kwetu pekee. Huko Marekani, katika kandanda yao inayochezwa zaidi kwa mikono, yuko mchezaji aitwaye kwotabeki. Karibu kila shambulizi huanzia mikononi mwake, na akikosea hana pa kujificha, sawa na mlinda lango kwetu. Mwaka 1998 kijana Peyton Manning aliingia katika timu ya Indianapolis Colts. Msimu huo alirusha mipira 28 iliyonyakwa na wapinzani, na timu ikapoteza michezo 13 kati ya 16. Waliotaka aondolewe hawakukosa hoja. Aliachwa uwanjani katika michezo yote 16. Msimu uliofuata timu hiyohiyo ilishinda michezo 13 kati ya 16, naye akaja kuhesabiwa miongoni mwa wachezaji bora kabisa wa nafasi hiyo. Mwenzake Ryan Leaf, aliyechaguliwa mara tu baada yake mwaka huohuo, naye alitupwa motoni mapema katika timu ya San Diego Chargers. Kufikia 2002 alikuwa amestaafu akiwa na miaka 26. Njia ya tatu ni ya Aaron Rodgers wa Green Bay Packers, aliyesajiliwa 2005 akakaa misimu mitatu nyuma ya mkongwe Brett Favre kabla ya kupewa timu 2008. Alitwaa ubingwa katika msimu wa 2010.

Mifano hiyo mitatu inatuonya tusiifanye subira kuwa uganga. Moto uleule uliomkomaza mmoja ulimwunguza mwingine, na wa tatu alikomazwa kivulini. Mtu hawezi kujua kwa mchezo mmoja, wala kwa michezo mitano, kijana aliye mbele yake ni yupi kati ya hao. Ndiyo sababu haraka ni hatari: si kwamba kila kijana atafaulu, bali kwamba mwenye haraka hampi yeyote nafasi ya kujulikana.

Kwetu Kenya ushahidi bora wa hoja hii ni Michael Olunga. Kabla ya jina lake kuvuma na Gor Mahia, iliyotwaa ubingwa wa ligi ya 2015 bila kushindwa mchezo hata mmoja, Olunga alikuwa Tusker, na aliwahi kutolewa kwa mkopo kwa Thika United. Kutoka Gor Mahia alipitia Uswidi, China na Uhispania, kisha mwaka 2018 akatua katika klabu ya Kashiwa Reysol ya Japani. Msimu huo mabao yake yalikuwa machache, na klabu ikashushwa daraja. Kwa mizani ya vijiweni mwetu, huyo alikuwa ameshindwa. Klabu ilibaki naye. Mwezi Novemba 2019, katika daraja la pili, alifunga mabao 8 katika mchezo mmoja dhidi ya Kyoto Sanga. Mwaka 2020, baada ya kurejea ligi kuu, alifunga mabao 28, akawa mfungaji bora na mchezaji bora wa ligi nzima ya Japani. Tujiulize, wapenzi wasomaji: iwapo msimu ule wa 2018 angeuchezea mbele yetu, tungemruhusu kuufikia 2020?

Ninaliuliza hilo kwa sababu historia ya timu yetu ya taifa haitupi jibu la kujivunia. Kati ya 2008 na 2018 Harambee Stars ilipita mikononi mwa Francis Kimanzi, Antoine Hey, Twahir Muhiddin, Jacob Mulee, Zedekiah Otieno, Henri Michel, James Nandwa, Adel Amrouche, Bobby Williamson, Stanley Okumbi, Paul Put na Sébastien Migné, wengine kwa muda tu, na wengine wakirudishwa zaidi ya mara moja. Hao ni makocha 12 katika takriban miaka 10. Kenya, iliyokuwa imeshiriki Kombe la Mataifa ya Afrika 2004, haikurudi huko hadi 2019. Mimi sidai kuwa kubadilisha makocha ndiyo sababu pekee. Ninadai kuwa kocha asiye na hakika ya kuamka kesho akiwa kazini hana sababu ya kumlea kijana atakayekomaa keshokutwa. Atamkamua mtamba, maana yeye mwenyewe anakamuliwa.

Hapa pana mtego ambao sisi wasomi hatuna budi kuukwepa. Wasimamizi wa michezo wakisikia neno subira, hulikumbatia haraka. Huahidi kuwa timu inajengwa, kuwa viwanja vinakuja, kuwa fedha ziko njiani. Mwezi Septemba 2017 Kenya ilipokonywa uenyeji wa fainali za CHAN za 2018 kwa sababu matayarisho yalikuwa yamechelewa, na uenyeji huo ukapewa Moroko. Je, katika jambo kama hilo shabiki alipaswa kusubiri zaidi? La hasha! Subira ni haki ya mchanga anayejifunza. Haikuwa kamwe haki ya mkubwa anayezembea. Kijana akikosa bao hatujui bado kama ni udhaifu au ni ugeni. Msimamizi akikosa kuujenga uwanja kwa miaka mingi, tunajua. Kwake yeye methali inayofaa ni ile ya matumbo kuumia. Kwa bahati mbaya, mara nyingi sisi hugeuza mambo: tunamvumilia mwenye ofisi na kumzomea mwenye daluga.

Kwa kuwa jarida hili ni la wapenzi wa Kiswahili, na lugha yenyewe izungumziwe. Tunamwita mchezaji mgeni chipukizi. Neno hilo linatokana na kuchipuka; linahusu mche, majani mabichi, kitu kinachohitaji maji na ulinzi dhidi ya mbuzi. Tunamwita mchanga, tunasema bado ni mbichi, tunasema anakomaa. Msamiati wote huo ni wa shamba na wa malezi, na ndani yake mmejaa wakati. Kisha mpira ukimpita, mtu yuleyule tuliyemwita chipukizi tunamdai matunda. Lugha yetu ina subira kuliko sisi wenyewe tunaoinena. Si ombi kubwa kumtaka shabiki aishi kulingana na neno analolitumia.

Tena maneno ya shabiki huwafikia wengi kuliko yule anayetukanwa. Mchezaji aliye Kasarani hasikii yanayosemwa Oldonyiro. Anayeyasikia ni mvulana aliyeketi sakafuni mbele ya runinga, na msichana anayechungulia kutoka mlangoni. Watoto ambao asubuhi huenda malishoni na jioni hupiga mpira wa matambara vumbini. Msichana huyo anayo sababu ya kuota, kwa kuwa timu ya kwanza ya Kenya kufuzu Kombe lolote la Dunia la FIFA ilikuwa ya wasichana wasiozidi miaka 17, mwaka 2024 huko Jamhuri ya Dominika. Walifungwa 2-0 na Uingereza na 3-0 na Korea Kaskazini, kisha wakaishinda Meksiko 2-1. Ushindi huo ulikuja katika mchezo wa tatu. Lau wangehukumiwa kwa miwili ya kwanza, tusingekuwa na la kusimulia. Watoto wanaotusikiliza hujifunza kutoka kwetu kinachompata mtu anayejaribu akakosea. Wakijifunza kuwa malipo ya kosa ni kuzomewa hadi kufukuzwa, wengi watachagua kutojaribu; si katika kandanda tu, bali pia darasani na katika kazi watakazozifanya.

Kwa mintarafu hiyo, ninapendekeza shabiki abadilishe maswali yake. Badala ya kuuliza, "Kijana huyu amefunga mangapi?" aulize kwanza, "Amepewa mzigo wa kiasi gani, na ni nani anayeandamana naye?" Badala ya kuuliza, "Amekosea?" aulize, "Je, kosa la leo ndilo lile la mwezi uliopita, au ni jipya?" Anayerudia kosa lilelile msimu mzima ilhali amefunzwa na kusaidiwa, huyo apumzishwe bila matusi na ampishe mwingine, hata mfugaji ana mtamba ambaye hatimaye humpeleka mnadani. Lakini anayefanya makosa mapya anasonga mbele, hata kama alama zake hazijaonyesha hivyo. Na lawama ya timu isiyolea watoto wake impate aliyepewa fedha na mamlaka ya kulea.

Yule mzee, basi, alisema kweli kuliko alivyokusudia. Mwenye miaka 20 anaweza kulinda watu na mifugo. Anaweza, kwa sababu alipompoteza mbuzi wake wa kwanza akiwa mtoto, palikuwa na mtu mzima aliyemkaripia, akamwonyesha nyayo, na alfajiri iliyofuata akamfungulia zizi.